Mla Nawe Hafi Nawe

Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hii husikika sana katika nyumba zetu za Temeke na Kinondoni, zile nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na ua nyuma, ambamo Mndengereko amepanga ubavuni mwa Mnyakyusa, na Mpemba ubavuni mwa Mchaga. Wote huchota maji kwenye bomba moja na huanika nguo kwenye kamba moja, na mtoto wa huyu hula kwa yule bila kuulizwa. Hata hivyo, mambo yanapoharibika, mtu huambiwa na wakubwa wake: rudi kwa watu wako, hao ni majirani tu.

Je, ni kweli kwamba jirani hafi nawe? Methali ya namna hii haipimwi siku ya harusi wala siku ya Idi, bali hupimwa siku ya vita. Kwa sababu hiyo nimeona tuitazame habari ya watu wa mataifa mawili waliokaa katika nyumba moja kwa karne nyingi, yaani Wapolandi na Wayahudi. Msomaji asidhani kwamba ni habari ya mbali isiyotuhusu. Sehemu ya habari hiyo imezikwa katika ardhi yetu.

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, kabla hujafika Usa River, utapita Tengeru. Katika eneo la chuo cha mifugo yapo makaburi yapatayo 150 ya Wapolandi. Hawa walikuwa wakimbizi walioanza kufika mwaka 1942, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, na kambi yao ilikuwa na watu wapatao 5,000. Walikaa katika vijumba vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, wakawa na shule, hospitali na mashamba. Palikuwa na kambi nyingine ndogo Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro, na huko Uganda walikaa Masindi na Koja. Baada ya vita wengi wao hawakurudi kwao, kwa sababu nchi yao ilikuwa imeangukia mikononi mwa utawala wa Kikomunisti uliokuwa chini ya Urusi, na maeneo walikotoka yalikuwa yametwaliwa kabisa. Waliondoka kwenda Uingereza, Australia, Kanada na kwingineko. Katika makaburi yale ya Tengeru wamo Wakatoliki, wamo Waorthodoksi, na wamo Wayahudi wachache. Wote walifika hapa kwa jina moja la Wapolandi.

Walifikaje? Mwezi Septemba 1939 Ujerumani iliishambulia Poland kutoka magharibi, na baada ya siku chache Urusi ya Kisovyeti ikaingia kutoka mashariki. Wakaigawana nchi. Kuanzia Februari 1940 Warusi waliwakusanya mamia ya maelfu ya watu wa upande wao, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Mwaka 1941 Ujerumani ilipomgeuka Mrusi, mambo yalibadilika. Serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ilipatana na Moscow, wafungwa wakaachiliwa, na Jenerali Władysław Anders akaanza kuunda jeshi. Mwaka 1942 jeshi hilo, pamoja na raia walioambatana nalo, zaidi ya watu 110,000 kwa jumla, lilivuka kwenda Uajemi. Kutoka huko raia walitawanywa katika makoloni ya Mwingereza, na baadhi yao wakaletwa kwa meli hadi bandari za pwani yetu.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiri. Miongoni mwa waliopelekwa Siberia walikuwamo Wayahudi wengi, raia wa Poland kama wengine. Walikula mkate ule ule wa kupimwa na kulala katika mabanda yale yale. Lakini wakati wa kutoka ulipofika, Myahudi aliyetaka kuandikishwa katika jeshi la Anders alikuta mlango mwembamba. Warusi walikuwa wameweka vikwazo vyao, lakini pia maofisa wengi wa Poland hawakumtaka, na walimkataa kwa visingizio vya afya au bila kisingizio. Waliofanikiwa kutoka walikuwa elfu chache tu. Miongoni mwao walikuwa watoto wapatao elfu moja, wengi wao mayatima, ambao baada ya kupita Tehran walifikishwa Palestina mwaka 1943. Kwa hiyo mtu aweza kuwa mwenzio katika mateso, na bado ukamwacha nyuma siku ya kuokoka.

Chuki hiyo haikuzaliwa Siberia. Ni haki kusema pia kwamba zamani Poland ilikuwa kimbilio. Mwaka 1264 mtawala mmoja, Bolesław, alitoa hati ya kuwalinda Wayahudi, wakati nchi nyingine za Ulaya zilikuwa zikiwatesa na baadaye zikawafukuza. Kwa sababu hiyo walikuwa wengi, na ilipofika 1939 mtu mmoja kati ya kumi nchini humo alikuwa Myahudi, jumla yao kiasi cha 3,300,000. Lakini katika miaka ya 1930 kulikuwa na wanasiasa waliowahimiza watu wasinunue katika maduka ya Wayahudi. Kuanzia 1937 vyuo vikuu kadhaa viliwalazimisha wanafunzi wa Kiyahudi kuketi kwenye mabenchi yao peke yao. Huo haukuwa uuaji. Ulikuwa ni kuwazoeza watu kumwona jirani kama mgeni aliyekawia kuondoka.

Kisha Wanazi wakaja na mauaji yenyewe. Tuseme wazi, maana jambo hili halina ubishi: maangamizi ya Wayahudi yalipangwa na kutekelezwa na Ujerumani ya Hitler. Wayahudi wapatao milioni tatu wa Poland waliuawa, na Wapolandi wasio Wayahudi karibu milioni mbili nao walikufa chini ya Wajerumani. Poland haikuwa na serikali ya vibaraka kama nchi nyingine zilizotekwa. Serikali yake ya London ndiyo iliyoupasha ulimwengu habari za mauaji hayo kwa waraka rasmi wa Desemba 1942, na mjumbe wake Jan Karski alikwenda hadi kwa wakubwa wa Uingereza na Marekani kuwaeleza alichokiona kwa macho yake.

Lakini katika kivuli cha Wajerumani kila mtu alibaki na nafasi ndogo ya kuchagua. Katika mji mdogo wa Jedwabne, tarehe 10 Julai 1941, wakazi wa Kipolandi waliwakusanya majirani zao Wayahudi, wakawaua baadhi, na waliobaki wakawafungia katika banda la nafaka na kulitia moto. Wajerumani walikuwapo na walichochea, lakini mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya majirani. Uchunguzi wa taasisi ya serikali ya Poland uliokamilika baada ya miaka 60 ulihesabu waliouawa kuwa si chini ya 340. Watu wengine walijitetea kwa kusema kwamba Wayahudi waliwashangilia Warusi mwaka 1939. Ni kweli baadhi walishangilia. Lakini Wayahudi wengi nao walipakiwa katika mabehewa ya Siberia, na watoto waliochomwa bandani hawakuwa wamemshangilia mtu.

Upande wa pili wako watu kama Józef na Wiktoria Ulma, wakulima wa kijiji cha Markowa. Wajerumani walikuwa wametangaza kwamba atakayemficha Myahudi adhabu yake ni kifo. Ulma na mkewe waliwaficha wanane. Tarehe 24 Machi 1944 Wajerumani walifika, wakawaua wale wanane, kisha mume na mke mwenye mimba, kisha watoto wao sita. Huko Warsaw, mwishoni mwa 1942, kiliundwa chama cha siri kilichoitwa Żegota kwa ajili ya kuwaokoa Wayahudi, na mmoja wa wafanyakazi wake, Irena Sendler, aliwatoa watoto wengi katika geto pamoja na wenzake. Taifa la Israeli limewatambua Wapolandi zaidi ya 7,000 kuwa waokoaji, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote. Hawa ndio waliokula nao na wakafa nao, wala hawakuzaliwa nao.

Waokoaji wengi, vita vilipokwisha, walinyamaza. Waliogopa majirani wasijue kwamba walikuwa wamewaficha Wayahudi. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Tarehe 4 Julai 1946, mwaka mzima baada ya Hitler kufa, mtoto mmoja wa mji wa Kielce alisema kwamba alikuwa amefungiwa katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba ya Wayahudi. Nyumba ile haikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Hata hivyo uvumi ulienea kwamba Wayahudi huua watoto wa Kikristo kwa ajili ya damu, na kabla jua halijatua watu zaidi ya 40, walionusurika kambi za Wanazi na baridi ya Siberia, walikuwa wameuawa na umati, askari na polisi wakishiriki.

Msomaji wa Dar es Salaam asicheke. Sisi nasi tuna mumiani. Mwaka 1959 uvumi wa wanyonya damu ulizusha ghasia Buguruni, na polisi mmoja akauawa. Uvumi wa damu ni ule ule popote. Hauhitaji ushahidi, unahitaji tu mtu ambaye tayari mmekubaliana kwamba si mwenzenu.

Nasi tunao majirani wa namna hiyo. Mji huu ulijengwa kwa mafungu: Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini kwa Wahindi, na sisi wa Uswahilini tukasogezwa Kariakoo, Ilala, Magomeni, na baadaye Temeke na Kinondoni. Manung'uniko yetu kwa mwenye duka na mwenye nyumba yalikuwa na sababu za kweli. Lakini sababu ya kweli nayo yaweza kugeuzwa kuwa sumu. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge wengine walipotaka uraia uwe wa watu weusi peke yao, Nyerere aliwajibu kwa ukali. Aliwakumbusha Hitler, na kwamba anayeanza kwa kutukuza rangi hajui atakapoishia, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kulikubali jambo hilo. Bunge likaikataa hoja hiyo. Mapema miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, neno magabacholi likavuma majukwaani, na Mhindi maskini wa mtaani, mwenye cherehani moja, akajikuta ametiwa katika neno hilo pamoja na tajiri.

Na Zanzibar, Januari 1964? Walioonewa kweli, wajukuu wa watumwa na wakulima wasio na ardhi, waliipindua serikali. Katika siku zile watu wengi wa asili ya Kiarabu waliuawa, wakiwamo wasiokuwa na shamba wala cheo. Wapo waliofichwa na majirani zao Waafrika, na wapo walioonyeshwa kwa kidole na majirani zao. Habari hizi bado husimuliwa kwa sauti ya chini.

Poland nayo ilizisimulia zake kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Mwaka 1968 serikali ya Kikomunisti iliendesha kampeni iliyowafanya Wayahudi wapatao 13,000 au zaidi waihame nchi. Jiwe lililowekwa Jedwabne liliwataja Wajerumani peke yao. Mwaka 2000 Jan Gross alichapisha kitabu juu ya mauaji yale, na nchi nzima ikabishana. Tarehe 10 Julai 2001 Rais Kwaśniewski alisimama Jedwabne na kuomba radhi. Wengine walikasirika, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kumwadhibu atakayelihusisha taifa la Poland na makosa ya Wanazi, ingawa adhabu ya kifungo iliondolewa miezi michache baadaye.

Nawaelewa waliokasirika. Watu walioteswa hivyo huona uchungu kuitwa watesaji. Lakini taabu haimwoshi mtu. Mateso ya Siberia ni kweli, na mlango mwembamba wa jeshi la Anders ni kweli. Familia ya Ulma ni kweli, na banda la Jedwabne ni kweli. Taifa linalotaka kurithi heshima ya Ulma lazima lirithi na aibu ya banda, maana wote walikuwa wa nchi moja, kanisa moja na vita vile vile.

Narudi kwenye methali. Wahenga walieleza walichokiona, kwamba mara nyingi jirani hukimbia. Hawakusema kwamba ndivyo ipasavyo. Ubaya ni pale tunapoigeuza kuwa kibali, tukamwambia mtoto kwamba hana deni kwa asiyezaliwa naye. Waliowafungia watu bandani hawakuanza kwa kiberiti. Walianza kwa benchi la peke yake na duka lisilonunuliwa, na kwa neno moja la kuwataja watu wote wa aina fulani, ambalo hakuna aliyelikataa mezani. Kulikataa neno hilo hakuhitaji ushujaa wa Ulma, maana siku za amani halimgharimu mtu uhai wake. Ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu, na wakati wake ni sasa, kabla haijawa ghali.