Kromu juu ya plastiki: ilitoka wapi, na kwa nini hairudi kwa brashi

Magari mengi yanayopita hapa Kibati, barabara ya Rutshuru, yamezeeka kwingine kabla ya kufika kwetu. Kalandre na vipande vya parshoki vinachubuka, kromu inatoka kama ganda la kitunguu. Mwenye gari anauliza: itarudi? Na kijana mwenye diploma ya kemia anauliza zaidi: kwa nini tusifungue ka-atelier ka kutia kromu hapa hapa? Historia inawajibu wote wawili.

Zamani mapambo ya gari yalikuwa ya chuma ama shaba, yamepakwa nikeli. Nikeli inang'aa lakini inafifia, inabidi kusugua kila mara. Kromu ilitambuliwa na Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin mwaka 1797, lakini ni katika miaka ya 1920 ndipo kuipaka kwa umeme kulikuwa kazi ya viwanda. Colin Fink wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ni mmoja wa waliofungua njia. Kufika miaka ya 1950, gari la Kimarekani lilikuwa kromu mbele na nyuma.

Miaka ya 1960 viwanda vikageukia plastiki ya ABS: nyepesi, rahisi kufinyanga, haishiki kutu. Shida moja tu: haipitishi umeme. Basi waliiogesha kwanza katika asidi ya kromu, ikala chembe za mpira zilizo ndani ya ABS na kuacha vishimo vidogo sana. Humo wakatia paladiamu, kisha nikeli ama shaba bila umeme. Ndipo umeme ukaingia: shaba, nikeli, mwisho kromu. Hiyo kromu yenyewe haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Ndiyo maana kusugua kwa steelwool ni kuua. Kama ni uchafu tu, maji, sabuni na kitambaa laini vinatosha. Kama tabaka limeshaachana na plastiki, hakuna dawa ya kulirudisha. Fundi anatoa maganda yaliyolegea (angalia, yanakata vidole), anapiga msasa, anapaka rangi ya msingi ya plastiki, halafu rangi ya fedha na vanishi. Ni kazi nzuri, lakini ni rangi. Mteja aambiwe hivyo kabla ya kulipa, si kuuziwa kwa jina la kromu.

Na ka-atelier? Maji ya kazi hiyo kwa desturi yana kromu ya aina inayoitwa heksavalenti, inayoleta kansa ya mapafu kwa wanaovuta mvuke wake. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2017, hauruhusu kuitumia bila kibali maalum. Sisi tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo: maji ukiyamwaga yanazama kwenye nyufa mara moja, na chini yetu kuko ziwa Kivu. Familia nyingi zinakinga mvua kwenye mabati kwa sababu maji ni shida tayari. Beseni likichoka, tutalimwaga wapi?

Kijana wa kemia asikate tamaa. Kupaka rangi vizuri juu ya plastiki nako kunataka mtu anayeelewa kwa nini rangi inashika ama inabanduka. Hapo diploma yake ina kazi, na hakuna kisima kitakachoharibika.