Waoaji, Waolewa na Watazamaji: Uchumba katika Kampi za Shituru

Katika Kiswahili tendo la ndoa lina vitenzi vinne vya mzizi mmoja, na kila kimoja kina mtendaji wake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi huoza, na wawili wakipatana husemwa kuwa wameoana. Jirani hakupewa kitenzi katika orodha hiyo; yeye hutazama tu. Katika Kiswahili cha Katanga jambo lazidi kuwa gumu, kwa kuwa mahali pa kauli ya kutendwa mara nyingi huwekwa kiambishi cha wingi ba-, kisichomtaja mtu. "Banamuita" maana yake ni "anaitwa". Kwa muundo huo huo, "banamuoa" yaweza kusimama mahali pa "ameolewa". Hao ba- ni akina nani? Swali ni la sarufi, lakini jibu lake limo katika historia, na Shituru ni mahali pazuri pa kulitafutia.

Shituru, leo mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi, ilijulikana kwa kiwanda cha kusafishia shaba kwa umeme ambacho Union Minière du Haut-Katanga ilikianzisha mwaka 1929. Mji wenyewe uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Miaka ile ya mwanzo kampuni ilikuwa na shida ya watu: vibarua wa mikataba mifupi walikufa kwa maradhi, walitoroka, au walirudi kwao mara walipozoea kazi. Ndiyo maana, kuanzia mwaka 1928 hivi, ikashika siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kwa mikataba ya miaka mitatu, na chombo chake kikuu kilikuwa mke. Mume aliyeandikiwa mke alipewa nyumba ya familia, na posho ikaongezwa kwa mke na kwa kila mtoto. Asiye na fedha ya mahari, ambayo watu wa huku huiita pia mali, aliweza kukopeshwa na kampuni, kisha akakatwa katika mshahara. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika, aliieleza siasa hiyo bila kificho katika kitabu alichokitoa mwaka 1946: kampuni ilijiona kama mzazi, na mfanyakazi kama mtoto.

Basi tazama nani alikuwa mtendaji. Kijijini posa ilipitia kwa mshenga na wajomba. Hao walikwenda, walirudi, walibishana, nao ndio waliobeba lawama ndoa ilipovunjika. Kampini nafasi ya mjomba ilishikwa na karani mwenye daftari. Msimamizi wa kampi ndiye aliyejua nani ana mke halali na nani "amemficha" mwanamke. Padri Mbenediktini naye aliuliza juu ya ubatizo. Serikali iliongeza sauti yake: amri ya mwaka 1950 iliharamisha ndoa mpya za wake wengi. Wote hawa, kwa maneno yao wenyewe, walikuwa wasimamizi tu, watu wa kuangalia. Lakini bila saini zao hapakuwa na nyumba wala posho. (Posa na posho ni maneno mawili yasiyohusiana, ila kampini ya kwanza haikuenda mbali bila ya pili.) Bibi arusi, aliyeletwa kwa treni kutoka Lomami au Kasai, mara nyingine alikuwa mtazamaji wa mwisho wa ndoa yake mwenyewe, na katika madaftari aliingia kama mke wa namba fulani.

Hata hivyo ni kosa kusema kwamba vijana walikubali kuwa watazamaji tu. Siku za mapumziko ngoma zilitawala, na ngomani mpango wa daftari uligeuka. Mfano ulioandikwa vizuri zaidi watoka ng'ambo ya mpaka, katika ukanda ule ule wa shaba: huko Luanshya J. Clyde Mitchell alitazama ngoma ya kalela na kuchapisha utafiti wake mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana wanaume waliovaa suti zilizopigwa pasi; walijisifu kwa nyimbo, na walitaka wanawake wawaone. Wasomaji wengi wa Mitchell wamevutwa na habari za ukabila na utani. Linalofaa hapa ni jingine: mwanamke aliyesimama pembeni mwa duara, asiyecheza, ndiye aliyekuwa hakimu. Suti zilinunuliwa kwa ajili ya macho yake. Anayeitwa mtazamaji alikuwa anachagua.

Jadotville nayo ilikuwa na gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta mjini humo kijana wa Bunkeya, Jean Bosco Mwenda, akipiga gitaa mtaani, akamrekodi; "Masanga" yake ikasikika mbali na Katanga. Gitaa lilikuwa mali ya mtu mmoja, si ya kundi, na lugha yake ilikuwa Kiswahili cha mji, si lugha ya kijiji chochote. Kijana aliyeimba mbele ya nyumba za kampi aliposa bila mshenga, hadharani, na mtaa mzima ukiwa shahidi. Ushahidi huo haukuwa kitu kidogo. Mahali ambapo wajomba walikuwa mbali kwa siku nyingi za safari, jirani aliyesikia ndiye aliyeweza baadaye kusema nani alimwahidi nani.

Badiliko la kina zaidi lilitoka Kolwezi. Padri Placide Tempels alifika Ruwe mwaka 1953, na miongoni mwa wafanyakazi wa Union Minière ikazaliwa Jamaa, ambayo Johannes Fabian aliiandikia kitabu mwaka 1971. Mafundisho yake yalishikilia maneno matatu, uzima, uzazi, mapendo, na mtu hakuyapokea peke yake: mume na mke waliingia pamoja, wakiongozwa na mume na mke waliotangulia, ambao kwao wakawa baba na mama. Katika Jamaa kitenzi kilichofaa kilikuwa kuoana. Mke alifundisha, alisimulia, alijibu. Wazungu wengi wa kampuni na wa kanisa waliishuku, na si ajabu: jamaa walijipatia wazazi ambao kampuni haikuwateua.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa Gécamines kwa jina lililodumu, na wajukuu wa wale walioletwa kwa treni wakaoana bila kuulizana sana kuhusu asili. Mwaka 1992 na 1993 asili ikaulizwa. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu, na wengi wakakaa miezi katika stesheni ya Likasi wakingoja treni. Ndoa za mchanganyiko zilikatwa katikati: mke Mkatanga alilazimika kuchagua kati ya mume na ndugu zake, na watoto walihesabiwa kwa upande wa baba. Majirani waliokula bukari ya harusi zile walikuwa hai bado. Wengine walifukuza, wengine walificha watu ndani ya nyumba, na wengine walisimama kando ya barabara iendayo stesheni wakitazama magodoro na masufuria yakipita.