Seti Inapomla Mzungu wa Nne

Anayefungua mchezo wa karata kwenye simu, awe Nangara mjini Babati au Tokyo, huoneshwa rangi na nyota za uadimu kabla hajasoma karata inafanya nini. Ni rahisi aamini kwamba karata isiyopatikana ovyo ndiyo yenye nguvu. Historia ya karata katika Afrika Mashariki haiungi mkono imani hiyo. Nguvu ya karata ilitoka kwenye kanuni za mchezo. Uadimu ulikuja baadaye sana, nao ulitoka dukani.

Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, wakanyang'anywa mwaka 1698. Utawala wao ulikwisha, lakini karata zao zilibaki: shupaza, kopa, uru, pau, seti na turufu ni maneno ya Kireno yaliyovaa Kiswahili, yakapanda bara pamoja nacho. Mchezo wa wahedi wa sitini ni ndugu wa bisca ya Ureno. Ree ina alama 11, seti 10, na wazungu watatu hubeba alama zao kwenye majina: wa nne ndiye mfalme, wa tatu mtumishi wa kiume, wa pili malkia. Ukijumlisha aina zote nne unapata 120, hivyo mwenye 61 ameshinda. Hapa seti, yaani saba, humla mfalme, na garasa la turufu, lisilo na alama hata moja, huila ree ya aina nyingine. Hakuna kati ya hizo iliyo adimu kuliko mwenziwe, maana kila daraja lina karata nne. Tofauti yote imewekwa na makubaliano ya wachezaji, na turufu ikibadilika, nguvu nayo huhama.

Uadimu uliingia mwaka 1993, ilipotoka Magic: The Gathering ya mbunifu Richard Garfield, mchezo ambao karata zake huuzwa kwa pakiti zisizoonesha kilichomo. Mpinzani atasema kwamba Black Lotus, karata mashuhuri ya toleo hilo la kwanza, ilikuwa adimu na yenye nguvu kupita kiasi. Ni kweli, na ilikuwa kwa makusudi: ilitarajiwa kila mtu atanunua pakiti chache, hivyo karata kali zisionekane mara kwa mara. Walionunua nyingi wakalivunja tarajio hilo, na kufikia mwaka 1994 ilibidi kanuni ziweke ukomo wa nakala. Uadimu ulishindwa kazi ya kuzuia nguvu, kanuni zikairudia. Tena, katika toleo lile lile, Lightning Bolt na Healing Salve zote zilikuwa za kawaida na za gharama moja, lakini ya kwanza ilitafutwa na wachezaji wakali huku ya pili ikidharauliwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: hata karata za zamani zilikuwa na bahati, na aliyelamba magarasa alilia vilevile. Lakini bahati ile ilikuwa ya mkono mmoja. Karata zilichangwa upya, wote wakagawiwa kutoka rundo moja, na mwenye fedha hakuwa na ree ya tano. Bahati ya pakiti hununuliwa, na matokeo yake hubaki kwenye akaunti ya mnunuzi mchezo hadi mchezo. Ndiyo maana mwaka 2017 Uchina ililazimisha kampuni za michezo ya mtandaoni kutangaza uwezekano wa kupata kila zawadi, na mwaka 2018 Ubelgiji ikahesabu baadhi ya masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya michezo hiyo kuwa kamari. Serikali hizo hazikugusa nguvu ya karata yoyote. Ziligusa namna ya kuziuza. Basi mwenye kulinganisha karata mbili asome kwanza gharama ya kila moja, kazi yake na zile itakazocheza nazo. Nyota za uadimu zitamsaidia kukadiria itamgharimu kiasi gani kuipata, si itamshindia michezo mingapi.