Neno Chini ya Kikombe: Alama na Historia ya Seti za Chai za Kauri kutoka Japani

Neno kauri lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni simbi ya baharini, nyeupe na yenye kung'aa. Ya pili ni chombo kilichofinyangwa kwa udongo mweupe na kuchomwa hata kikang'aa mithili ya simbi hiyo. Waitaliano nao walikiita chombo hicho porcellana, jina walilokuwa wamekwisha kuipa simbi iyo hiyo. Mwafaka huu wa lugha mbili zilizo mbalimbali wadhihirisha kwamba vyombo havisafiri peke yake; husafiri pamoja na majina. Historia ya seti za chai za Japani zilizopakwa rangi kwa mkono, ambazo leo zinatafutwa na wakusanyaji wa nchi nyingi, ni mfano ulio wazi wa jambo hili.

Kwa mujibu wa mapokeo, kauri ya Japani ilianza mwaka 1616 huko Arita, katika kisiwa cha Kyushu, baada ya mfinyanzi wa Kikorea, Yi Sam-pyeong, kugundua jiwe lifaalo katika mlima wa Izumiyama. Mfinyanzi huyo hakwenda Japani kwa hiari. Alichukuliwa wakati wa vita vya Toyotomi Hideyoshi dhidi ya Korea, vya miaka ya 1592 hadi 1598. Utawala wa Ming ulipoanguka nchini China mwaka 1644 na biashara ya kauri ya Kichina kuvurugika, Waholanzi waligeukia Arita, na mwaka 1659 waliagiza vyombo kwa wingi. Shehena hizo zilipakiwa katika bandari ya Imari. Hivyo basi, wanunuzi wakaviita vyombo vyote Imari, jina la bandari likalifunika jina la mji wa wafinyanzi.

Seti ya chai iliyo maarufu zaidi kwa wakusanyaji, hata hivyo, ni zao la zama za Meiji na miaka iliyofuata. Mwaka 1876 ndugu wawili wa ukoo wa Morimura walianzisha biashara ya kupeleka bidhaa za Japani New York. Mwaka 1904 washirika wa biashara hiyo walianzisha kiwanda katika kijiji cha Noritake, karibu na Nagoya. Mnywaji wa Japani alizoea kikombe kisicho na mkono, na seti yake ilikuwa ya vikombe vitano. Idadi ya nne iliepukwa kwa kuwa tamko lake, shi, ni sawa na la neno lenye maana ya kifo. Mnunuzi wa Marekani alitaka vikombe sita vyenye mikono, visahani vyake, buli, chombo cha maziwa na cha sukari. Chombo kilibadili umbo ili kumridhisha mgeni. Ua la krisanthemamu na mlima Fuji vikabaki ubavuni mwake.

Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 iliagiza kwamba kila bidhaa iingiayo iandikwe nchi ilikotoka, kwa maneno ya Kiingereza yanayosomeka. Kuanzia mwaka 1891 vyombo vya Japani vilitiwa neno Nippon, yaani jina ambalo Wajapani wenyewe huiita nchi yao. Neno hilo lilipokewa bandarini kwa takriban miaka thelathini. Mwaka 1921 mamlaka za forodha za Marekani ziliamua kwamba Nippon ni neno la Kijapani, si la Kiingereza, na kwamba neno litakiwalo ni Japan. Udongo haukubadilika, wala tanuri, wala mkono wa mpakaji. Kilichobadilika ni neno moja. Uamuzi huo wa kilugha ndio uliozaa kundi zima la vyombo, maana mkusanyaji wa leo huita Nippon kila kilichotiwa alama hiyo kati ya 1891 na 1921.

Neno la tatu lililetwa na vita. Japani ilishindwa mwaka 1945, na biashara ya nje ilipofunguliwa tena kwa watu binafsi mwaka 1947, bidhaa nyingi zilitiwa maneno yenye maana ya Japani iliyokaliwa. Hali hiyo ya kukaliwa ilikoma mwaka 1952. Wakati huohuo, kiwanda cha Noritake, kwa kuona kwamba ubora haujarudia kiwango cha kabla ya vita, kiliuza vyombo vyake kwa muda kwa jina la Rose China ili kulinda sifa ya jina lake la zamani. Alama moja yasimulia kushindwa kwa taifa, nyingine yasimulia haya ya fundi.

Hata hivyo, alama peke yake haitoshi. Kwa kuwa neno Nippon huongeza bei, limeghushiwa mara nyingi. Msomaji mwangalifu hukigeuza kikombe tena na kuutazama mchoro: rangi ya mkono huonyesha mapito ya brashi, na ua la kikombe kimoja halilingani kabisa na la kingine, mchoro uliochapwa, ukitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonyesha vitone vilivyopangika. Tofauti hizo ndogo mara nyingi ndiyo athari pekee iliyobaki ya wapakaji waliofanya kazi bila kutia majina yao. Chini ya kikombe mna jina la nchi na la kampuni. Jina la aliyechora halimo.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo yawafaa pia wanafunzi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako kauri ya China iliyopachikwa katika misikiti na makaburi imewasaidia wataalamu kukadiria umri wa majengo. Huko nako chombo kimeulizwa kilitoka wapi na lini. Swali la nani alikifanya, na kwa nini jina lake halikuandikwa, lingali likihitaji kuulizwa, kwa vyombo vya Arita na vya Nagoya kadhalika.