Kasuku kwenye mpaka: karatasi zake zilitoka wapi?

Familia ikikimbia vita hubeba kinachobebeka: godoro, sufuria, mtoto mgongoni, na mara nyingi kuku wawili watatu waliofungwa miguu. Katika nyumba zingine za Kivu, Maniema na Tshopo kuna pia kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeita watoto kwa majina na kupiga mluzi kama baba wa nyumba. Nyumbani anahesabiwa kama mtu wa familia. Mpakani anakuwa kitu kingine: anaweza kuwa amebeba ugonjwa, tena ni mali ya msitu. Hayo ni mambo mawili, kila moja lina historia yake na karatasi yake. Mwenye kushika karatasi moja tu, akidhani inatosha kwa yote mawili, ndiye ananyang'anywa ndege wake.

Hofu ya ugonjwa ndiyo ya zamani zaidi. Mwaka 1892, kasuku walioletwa Paris kutoka Buenos Aires waliambukiza watu homa ya mapafu, na zaidi ya watu 10 wakafa. Ugonjwa huo hupita katika vumbi la mavi makavu ya ndege. Anayefagia kizimba anaweza kuupata bila kuumwa wala kuchubuliwa na kasuku. Mwishoni mwa 1929 ukazuka Marekani, katika nyumba zilizonunua kasuku kwa ajili ya sikukuu. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 1930, Rais Herbert Hoover akatia sahihi amri ya kuzuia kasuku kuingia nchini. Uingereza nayo ikafunga mlango mwaka huohuo.

Kisha wenye kuku nao wakapata sababu yao. Mwaka 1971 kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache na ambao madaktari huuita Newcastle, uliingia California. Ulifuatwa nyuma hadi kwa kasuku walioagizwa kutoka nje. Ili kuuzima, serikali iliua kuku karibu milioni 12. Ndipo Marekani ilipoweka sheria ya karantini: ndege anayetoka nje akae siku 30 chini ya macho ya serikali mbele ya kukabidhiwa mwenyewe.

Ulaya ilichelewa zaidi. Mwezi wa kumi 2004, kwenye uwanja wa ndege wa Brussels, msafiri kutoka Thailand alikamatwa na tai wawili wadogo aliowaficha katika mzigo wake wa mkononi. Walipopimwa walikutwa na virusi vya mafua ya ndege, H5N1. Mwaka uliofuata virusi hivyo vikaonekana katika karantini huko Uingereza, ambako ndege wa Asia na wa Amerika ya Kusini walikuwa wamewekwa pamoja. Umoja wa Ulaya ukasimamisha uagizaji wa ndege wa porini, na mwaka 2007 katazo hilo likawa la kudumu. Msafiri aliachiwa nafasi ndogo: ndege wa nyumbani wasiozidi watano, wasafiri na mwenyewe, wakiwa na cheti cha daktari wa mifugo wa serikali pamoja na uthibitisho wa kutengwa, kupimwa au kuchanjwa.

Hapa kwetu hofu hiyo si hadithi ya Wazungu. Mwezi wa kwanza 2017 mafua ya ndege yalionekana Uganda kandokando ya Ziwa Victoria, na Rwanda ikazuia kuku kutoka huko. Miezi michache baadaye yakafika Ituri, upande wa Ziwa Albert. Wakaaji waliokuwa wakiuza kuku mpakani wanakumbuka soko lilivyofungwa.

Karatasi ya pili haina habari na homa. Inatoka katika mkataba uitwao CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 na kuanza kazi 1975. Nchi yetu, wakati huo Zaire, iliingia mwaka 1976. Mwaka 1981 karibu kasuku wote duniani wakawekwa katika orodha ya pili ya mkataba huo: biashara inaruhusiwa, ila kwa kibali na kwa kiasi. Kwa kasuku wa kijivu kiasi hicho hakikuheshimiwa. Hunaswa kwa ulimbo matawini, anapokuja kundi zima, au hutolewa kiotani akiwa bado mchanga. Wengi hufa njiani mbele ya kufika kwa mnunuzi, na hao hakuna kibali kinachowahesabu. Ghana, nchi iliyokuwa na makundi makubwa, imebaki na wachache sana. Kongo ikawa mahali ambapo wafanyabiashara bado waliweza kujaza vizimba. Huko Kindu kuna hata komini iitwayo Kasuku.

Mwezi wa kumi na mbili 2010, kasuku zaidi ya 700 waliotoka Kongo walikufa ndani ya eropleni kati ya Johannesburg na Durban. Miaka sita baadaye, katika Johannesburg ileile, nchi za CITES zilipiga kura kumpandisha kasuku wa kijivu hadi orodha ya kwanza, ambamo biashara ya ndege wa porini inakatazwa. Kura 95 ziliunga mkono, 35 zikakataa. Kongo ilikuwa upande wa kukataa na ikaweka pingamizi. Hoja ya mapato ya wanavijiji si ya kudharauliwa, ila mnasaji wa Tshopo ndiye aliyepata kidogo kuliko wote katika mnyororo ule.

Tangu mwezi wa kwanza 2017, basi, anayesafirisha kasuku wa kijivu anatakiwa kwa kawaida kuwa na vibali viwili vya CITES, cha kutoka na cha kuingia, juu ya cheti cha daktari. Huku kwetu ofisi ya kuuliza ni ICCN. Wanaopelekwa kuishi Marekani wajue pia sheria ya huko ya 1992: aliyekaa nje ya Marekani mwaka mzima bila kukatiza anaweza kuingia na ndege wawili wa nyumbani, hawazidi, tena bado kwa karatasi zote.

Ugumu ni kwamba sheria hizi ziliandikwa kwa ajili ya msafiri mwenye tiketi. Siku 30 za kumtenga ndege ni jambo dogo kwa mwenye nyumba; kwa aliyeamka na milio ya risasi ni maneno matupu. Mwaka 2022 nchi za Ulaya zililegeza masharti kwa Waukraine waliokimbia na mbwa na paka wao. Anayekimbia kupitia Bunagana na kizimba mkononi hajawekewa mlango kama huo. Kwake lililo salama ni kumwachia ndege jirani au ndugu anayebaki. Asimfiche chini ya kitenge: hewa humwishia haraka, na akigunduliwa huchukuliwa kama wa magendo.

Baadhi ya kasuku waliokamatwa katika Kivu hupelekwa Lwiro, karibu na Bukavu, kwenye kituo kinacholea sokwe yatima. Mara nyingi mabawa yao yamekatwa. Manyoya hayo lazima yaote upya, moja moja, mbele ya ndege kuweza kurudi msituni, na hilo huchukua miezi mingi.