Mkwawa na Ukuta wa Kalenga

Wasikilizaji wetu, leo twasimulia vita vya Wahehe na Wadachi. Lakini kwanza tutazame Ulaya ya kale. Mwaka wa 54 kabla ya Kristo, kabila la Eburones liliyavizia majeshi ya Warumi bondeni, na wachache tu wakaokoka. Kaisari akarudi kwa hasira, akaichoma nchi yao, akayaita makabila ya jirani yaje kuteka nyara. Lakini mkuu wao, Ambiorix, hakukamatwa.

Mambo kama hayo yalitokea kwetu. Mwaka wa 1891 Emil von Zelewski aliingia Uhehe na askari na mizinga, akichoma vijiji njiani. Tarehe 17 Agosti, pale Lugalo, Wahehe walijificha kando ya njia. Safu ndefu ilipopita, wakairukia kwa mikuki. Zelewski akafa, pamoja na wengi wa watu wake.

Wahehe walishinda kwa kuwa hawakuonekana. Lakini Sultani Mkwawa alikuwa na ngome ya mawe Kalenga, akaitumainia. Ukuta humkinga mtu na mkuki. Mbele ya mzinga ni shabaha tu. Mwaka wa 1894 Gavana von Schele aliupiga kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba ngome ikatwaliwa.

Ndipo Mkwawa aliporudi msituni. Wasangu wa Merere, upande wa Mbeya, kwa uadui wa zamani walikuwa pamoja na Wadachi. Tom von Prince alijenga boma Iringa mwaka wa 1896, na kichwa cha Mkwawa kikawekewa zawadi ya rupia 5,000. Hata hivyo watu walimlisha na kumficha, ingawa aliyegunduliwa aliadhibiwa vikali. Tarehe 19 Julai 1898, askari walipomkaribia, alijipiga risasi.

Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru lirudishwe, nalo likafika Kalenga mwaka wa 1954.

Basi, wanafunzi, mkifika Kalenga msitazame mawe peke yake. Ukuta ulivunjwa upesi. Vinywa vilivyofungwa vilimlinda sultani karibu miaka minne. Majina ya wenye vinywa hivyo hayakuandikwa vitabuni. Ulizeni nyumbani kwenu: katika ukoo wetu, ni nani aliyepeleka chakula usiku?