Baridi yabisi na sindano ya 1948

Kiswahili kimeyapa maumivu ya viungo jina la baridi yabisi, na mimi nadhani jina hilo limetupotosha kidogo. Goti likiuma, tunalaumu mvua. Lakini ipo aina moja, athritisi ya rumatoidi, ambayo haitokani na baridi hata chembe: kinga ya mwili yenyewe inageuka na kuvishambulia viungo, vidole vinavimba, na asubuhi mtu hawezi kufunga hata kifungo cha shati.

Mwaka 1929, katika Mayo Clinic, mjini Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench aliambiwa na mgonjwa wake jambo la ajabu. Eti tangu alipopata manjano, viungo vyake vimetulia. Daktari mwingine angetikisa kichwa na kuita mgonjwa anayefuata. Hench aliandika, kisha akaanza kuwatafuta wengine wa namna hiyo. Akaona pia kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huo hupata nafuu wakiwa wajawazito, halafu wakishajifungua maumivu yanarudi. Akakisia kwamba mwili una dawa yake, ila haitoi kila siku. Akaiita dutu X. Kuitafuta kulichukua karibu miaka 20.

Katika kliniki hiyohiyo alikuwepo mkemia Edward Kendall, aliyekuwa akichuja kemikali kutoka tezi ndogo zinazokaa juu ya figo za ng'ombe. Moja aliiita kampaundi E. Ilipatikana kwa uchache mno, mpaka kampuni ya Merck ilipoweza kuitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe. (Ndiyo, nyongo, hiyohiyo inayomfanya mtu kuwa manjano! Lakini ni sadfa tu, msije mkaanza kuichemsha.)

Tarehe 21 Septemba 1948, mwanamke wa miaka 29, ambaye ugonjwa ulikuwa umemlemaza, alichomwa sindano ya kwanza. Baada ya siku chache alijigeuza kitandani bila shida. Kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa ametoka kwenda madukani. Mwaka 1949 Hench aliwaonyesha madaktari wenzake filamu ya wagonjwa kabla na baada ya dawa, na mwaka 1950 yeye, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapewa Tuzo ya Nobel. Dawa ikaitwa kotisoni.

Sasa hapa ndipo mimi navutiwa zaidi kuliko kwenye tuzo. Filamu haikuonyesha yaliyofuata. Ukiiacha dawa, ugonjwa unarudi. Ukiendelea na dozi kubwa, uso unavimba na kuwa duara, mifupa inapungua nguvu, wengine akili zinavurugika. Hench mwenyewe alionya kuhusu hayo mapema, ila nani husikiliza onyo wakati kiwete anatembea?

Waingereza wakafanya kazi isiyo na mbwembwe. Waliwagawa wagonjwa 61 kwa bahati nasibu: wengine kotisoni, wengine aspirini, ile ya bei poa. Wakawafuatilia mwaka mzima, wakipima nguvu ya mkono, uvimbe na damu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1954, tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo sana.

Dawa haikutupwa. Prednisolone, ndugu yake kotisoni, bado inaandikwa kwa wagonjwa wa viungo, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana.